Saketi ya flashi ya kamera: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wapiga picha na mafundi wanaoanza wanayarudia kila siku kuhusu kilichomo ndani ya flashi, kuanzia zile za kuchomeka juu ya kamera mpaka za studio. Kama una bisibisi mkononi sasa hivi na unataka kufungua, nenda kwanza swali la 6 na la 7, mengine yatakusubiri.

## Mambo ya mwanzo

1. Betri nne ndogo tu, zinatoaje mwanga wa kupofua macho vile?

Kwa kukusanya taratibu na kuachia ghafla. Betri nne za AA kwa pamoja ni kama volti 5 mpaka 6, na hizo haziwezi kuwasha taa ya flashi hata kidogo, kwa hiyo saketi inazipandisha mpaka volti 300 au 330 hivi, inajaza umeme huo kwenye kapasita kubwa kwa sekunde kadhaa, halafu ukibonyeza shata kapasita inaumwaga wote kwenye taa ndani ya kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni manati tu, unavuta polepole lakini jiwe likiachiwa linaenda kasi ambayo mkono wako peke yake usingeiweza.

Shika mpangilio huu kichwani: betri, oskileta, transfoma, daiodi, kapasita, triga, taa. Kila hatua ikifa inaacha dalili yake, na ukizijua dalili utabashiri ugonjwa wa flashi nyingi kabla hata hujaifungua. Teknolojia yenyewe ni ya zamani, Harold Edgerton wa MIT kule Marekani alishakuwa anagandisha vitu vinavyokwenda kasi kwa taa za namna hii miaka ya 1930.

2. Ule mlio wa "wiiiiii" nikiwasha flashi ni wa nini?

Ni oskileta na transfoma. Transfoma haipandishi umeme wa betri ukiipa hivi hivi, maana umeme wa betri umetulia na transfoma inataka umeme unaobadilika, kwa hiyo transista inaukata na kuurudisha maelfu ya mara kwa sekunde. Ule mtikisiko ndio unaousikia. Kapasita ikiwa tupu mlio unakuwa mzito, kadiri inavyojaa unapanda na kuwa mwembamba mpaka sikio halisikii tena, na fundi mzoefu anasikiliza huo mlio kama daktari na kifua cha mgonjwa. Baada ya transfoma kuna daiodi, kazi yake kuruhusu umeme uende upande mmoja tu ili kapasita isirudishe ilichopewa.

Flashi za kisasa nyingi zina IC (kichipu cha kielektroniki) ya kusimamia kuchaji na hazipigi kelele, kwa hiyo ukimya peke yake sio ugonjwa.

3. Kapasita inabeba umeme kiasi gani?

Hesabu yake ni nusu ya C mara V mara V, C ikiwa kwa faradi. Kamera ya kutupa, zile za filamu za kutumia mara moja, mara nyingi ina kapasita ya maikrofaradi 120 na volti 330, piga hesabu unapata kama juli 6.5. Flashi kubwa ya juu ya kamera yenye maikrofaradi 1000 inafika juli 54, na yenye 1400 inafika juli 76.

Ona kwamba volti inajizidisha yenyewe. Ikipungua kidogo tu nishati inapungua sana, na hili linarudi swali la 13.

4. Sasa taa yenyewe inawakaje? Mbona haina ule waya wa ndani kama balbu?

Ni bomba la kioo lenye gesi ya zenoni na chuma kila mwisho. Volti 300 zimekaa kwenye ncha hizo mbili muda wote flashi ikiwa imechaji lakini hakuna kinachopita, maana zenoni ikiwa imetulia haipitishi umeme. Hapo ndipo triga inaingia: kuna kapasita nyingine ndogo sana, ukibonyeza shata inamwaga chaji yake kwenye koili ya triga, koili inatoa mpigo wa volti elfu kadhaa, mara nyingi kati ya 4,000 na 10,000, na mpigo huo unapelekwa nje ya bomba kupitia waya mwembamba uliolizunguka au kupitia ile rifleta ya chuma nyuma yake. Gesi inashtuka, inaanza kupitisha umeme, na kapasita kubwa inamwagika ndani yake kwa zaidi ya ampea 100.

Mwanga wa zenoni uko karibu na wa jua la mchana, kama 5500 mpaka 6000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), ndio maana unaweza kuuchanganya na mwanga wa nje bila rangi za ngozi kuharibika.

5. Flashi ya simu nayo ni hivyo hivyo?

Hapana, hiyo ni LED. Haina kapasita ya volti 300 wala triga. Zilikuwepo simu zenye zenoni ya kweli kama Sony Ericsson K800i, Nokia 808 PureView na Lumia 1020, lakini zimekwisha sokoni, kapasita inakula nafasi na watu wanataka simu nyembamba.

## Usalama kabla ya bisibisi

6. Nimetoa betri, naweza kufungua sasa?

HAPANA. Kutoa betri kunasimamisha kuchaji tu, kilichokwishaingia kwenye kapasita kimebaki humo na kinaweza kukaa masaa hata siku. Juli 50 kwa volti 300 zikipita mkono huu kwenda mkono ule zinapita kifuani, na huo ni umeme wa kuua mtu. Hata kale ka kamera ka kutupa ambako watoto wanakafungua kwa kucheza kanaunguza ngozi na kukurusha mkono mpaka ugonge kitu.

Ukiwa na mashaka, hesabu kwamba imejaa. Fanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine weka mfukoni, vua pete na saa, na usifanyie mezani ambapo watoto wanapita.

7. Natoaje chaji? Mtaani wanapiga shoti na bisibisi.

Wanapiga ndio, na inalia "pa!" kama risasi, bisibisi inaliwa ncha, kapasita inaumia ndani na wakati mwingine njia za shaba kwenye bodi zinanyanyuka. Usifanye hivyo.

Kwanza zima flashi, toa betri, kisha bonyeza kitufe cha testi, nyingine zitapiga na kupunguza sehemu kubwa. Halafu fungua bila kugusa bodi, chukua resista ya kilo-ohm 10 ya wati 10, iunganishe na waya zenye kava nzuri, gusisha kwenye miguu miwili ya kapasita kubwa na uhesabu. Kwa maikrofaradi 1000 inachukua kama sekunde 50 kushuka mpaka karibu na sifuri, mimi ningeacha dakika nzima na zaidi. Balbu ya zamani ya waya ya volti 230 wati 40 pia inafanya kazi vizuri, itamulika mara moja na kuzima (LED haifai hapa).

Kisha PIMA kwa multimita. Na pima tena baada ya dakika chache, kapasita hizi zina tabia ya kurudisha volti kidogo zenyewe baada ya kumwagwa, kwa hiyo ukishafika sifuri acha kipande cha waya kimeunganisha miguu yake miwili muda wote wa kulehemu. Usisahau kukitoa kabla ya kurudisha betri!

8. Nimepigwa na flashi, nifanyeje?

Kama ni kamtetemo kwenye kidole na uko sawa, pumzika na uangalie kama umeungua. Kifua kikibana, moyo ukienda ovyo, ukizimia au kukosa pumzi, nenda hospitali hapo hapo na useme ni umeme. Usiende kulala nayo.

## Nguvu, muda na shata

9. Nikiweka pawa 1/16, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya nguvu yote, kapasita inajazwa kidogo?

Kwenye flashi ya juu ya kamera, hapana, na hili linawachanganya wengi. Kapasita inajaa vile vile, kinachobadilika ni muda taa inaachwa iwake. Kuna swichi ya kielektroniki, siku hizi ni IGBT, imekaa kwenye njia moja na taa na inakata umeme katikati ya mpigo, chaji iliyobaki inabaki kwenye kapasita. Ndio maana 1/16 inarudi tayari haraka sana na ndio maana inagandisha matone ya maji: full (nguvu yote) inawaka kama 1/1000 ya sekunde, pawa ya chini kabisa inaweza kuwa 1/20000 au fupi zaidi.

Flashi otomatiki za mwanzo kabisa hazikuwa hivyo, zilikuwa na bomba la pili lililofichwa ndani ambalo lilimeza chaji iliyobaki, kwa hiyo hata ukipiga kidogo betri ililiwa kama full. Thairista, swichi ya kielektroniki iliyoitangulia IGBT, ndiyo iliyoleta kuokoa chaji, IGBT ikafuata na ikarahisisha kila kitu kwa sababu unaweza kuiwasha na kuizima utakavyo.

Flashi nyingi za studio zinakwenda kinyume: zinapunguza volti ya kapasita. Kwa hiyo ukishusha pawa, muda wa mpigo unaweza kurefuka badala ya kufupika, na ukitoka full kwenda chini ni lazima ile ziada imwagwe kwanza, la sivyo picha ya kwanza inatoka na mwanga mwingi kupita.

10. TTL, yaani flashi kupangiwa nguvu na kamera kwa kupima kupitia lenzi, inajuaje mwanga wa kutosha?

Flashi inapiga kampigo kadogo kwanza kabla shata haijafunguka, kamera inasoma mwanga uliorudi kupitia lenzi, inapiga hesabu, inaiambia flashi iwashe kwa muda fulani, IGBT inakata. Yote yanaisha kabla jicho halijashtuka. Lakini jicho la flashi nyingine linashtuka, tazama swali la 18.

Gauni jeupe la bi harusi linaidanganya TTL kila mara, inaona weupe inadhani mwanga umezidi, picha inatoka ya kijivu. Koti jeusi la bwana harusi linafanya kinyume. Ongeza au punguza kwa mkono, au nenda manyuo kabisa, upange nguvu mwenyewe.

11. Mbona nusu ya picha ni nyeusi?

Umepita spidi ya sinki. Shata ya kamera nyingi ni mapazia mawili, la kwanza linafunguka la pili linafunga. Kwenye spidi za chini kuna wakati picha nzima iko wazi, flashi inapiga hapo. Ukipita 1/200 au 1/250, kutegemea kamera (za zamani za pazia la kitambaa ni 1/60), pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijafika mwisho, kinachobaki wazi ni mwanya unaotembea, na mpigo mmoja mfupi unaangaza mwanya tu.

HSS (flashi ya spidi kubwa za shata) inatatua kwa kuifanya IGBT iwashe na kuzima taa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde mpaka mwanya umalize safari, Olympus ndio walianza na flashi yao ya F280 mwaka 1986. Bei yake ni nguvu, unapoteza mwanga mwingi sana, na flashi inachemka.

12. GN (guide number, namba ya nguvu ya flashi) ya kwenye boksi ina maana gani?

Umbali kwa mita mara namba ya f, kwenye ISO 100. GN 40 ukiwa f/8 inafika mita 5. Angalia wamepima kwa zuum gani, wengine wanaandika ya 200mm ambapo mwanga umebanwa kwenye kijia chembamba, ukipiga kwa pana huwezi kuipata hiyo namba hata kwa dua.

## Betri na kuchaji

13. Taa ya "tayari" imewaka lakini picha inatoka giza, kwa nini?

Kwa sababu kwenye flashi nyingi taa hiyo inawaka kabla kapasita haijajaa. Kwenye za zamani ni kataa ka neoni kaliko kwenye njia ya volti kubwa, kanawaka volti ikifika kiasi fulani basi, hakajui habari ya full. Tuseme imewaka kwenye volti 270 wakati full ni 330: kwa ile hesabu ya swali la 3 una theluthi mbili tu ya nishati, zaidi ya nusu stopu imepotea (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Subiri sekunde chache baada ya taa kuwaka, hasa betri zikiwa zimechoka.

14. Nitumie betri gani?

NiMH za kuchaji, basi. Najua zimeandikwa volti 1.2 na alkalini 1.5 na mtu anaona amepunjwa, lakini oskileta kapasita ikiwa tupu inavuta ampea kadhaa kwa mpigo, na alkalini ikivutwa hivyo volti yake inaanguka vibaya kwa sababu ya ukinzani wa ndani. NiMH inashikilia. Zile za bei ya chini za redio na rimoti usiziweke kabisa, utasubiri mpaka bi harusi ameshakata keki.

Halafu kuna betri za lithiamu za 14500, umbo ni la AA kabisa lakini kila moja ni volti 3.7, zikijaa 4.2. Nne ni volti 16.8 kwenye saketi ya volti 6. Transista ya oskileta haitakuaga.

## Ikigoma

15. Haichaji kabisa, au inachaji haipigi. Nianzie wapi?

Kama haichaji na hakuna mlio, anza na vibati vya betri. Ukanda wa pwani, Mombasa, Dar, Unguja, unyevu na chumvi vinakula chuma, na betri iliyovuja inamaliza kilichobaki. Uchafu mweupe wa alkalini unatoka kwa pamba yenye siki kidogo, kisha futa kwa spiriti na uache ikauke. Vibati vikiwa safi na bado kimya, mara nyingi ni transista ya oskileta au fyuzi. Mlio ukiwepo lakini ni mzito na haupandi, betri zimekwisha au kapasita inavuja au daiodi imepiga shoti.

Kama imechaji na haipigi, bonyeza testi mahali patulivu na usikilize "tik" ndogo. Ukiisikia, triga ni nzima na tatizo liko kwenye taa (imepasuka, gesi imetoka) au kwenye njia ya umeme mkubwa, IGBT ikiwemo. Usipoisikia, ni triga: koili, kale kakapasita, au swichi yake. Kapasita kubwa ikiwa na volti 300 na hakuna kinachotokea, kumbuka bado iko na volti 300, rudi swali la 7.

Flashi inayotoa full kila ukipiga, hata ukiweka 1/64, hiyo ni IGBT iliyopiga shoti karibu kila mara. Haiwezi tena kukata.

16. Flashi imekaa kabatini miaka, niiwashe tu?

Polepole. Kapasita hizi zina utando mwembamba wa oksaidi ndani ambao unadhoofika zikikaa bila umeme. Weka betri, washa, ikijaa usipige, iache dakika kadhaa ichaji na kutulia, kisha piga, rudia mara chache. Kuchaji kutakuwa kunafupika kadiri utando unavyojijenga. Ikichemka, ikivimba au ikinuka, zima na usijadiliane nayo. Usiyoitumia, ichaji na kuipiga mara chache kila mwezi.

## Mambo ya pembeni

17. Nimepewa flashi ya zamani, naweza kuichomeka kwenye kamera ya digitali?

Pima kwanza. Flashi nyingi za miaka ya 70 na 80 zinapitisha volti ya triga yenyewe kwenye pini ya katikati, na unaweza kukuta zaidi ya volti 200 hapo, Vivitar 283 za mwanzo zinajulikana kwa hili. Kamera za filamu zilikuwa na vichuma viwili tu vinavyogusana, hazikujali. Kamera ya leo ina transista ndogo hapo. Kiwango cha ISO 10330 kinataka kamera ivumilie volti 24, lakini sio kila kamera ya mwanzo ya digitali ilifuata.

Washa flashi, ngoja ijae, weka multimita kwenye DC ya volti nyingi, waya mmoja pini ya katikati ya mguu wa flashi, mwingine chuma cha pembeni. Chini ya volti 6 huna wasiwasi. Ikiwa juu, itumie kama slevu ya jicho (inapiga yenyewe ikiona mwanga wa flashi nyingine) mbali na kamera, au nunua adapta ya kupunguza volti.

18. Slevu inapiga lakini kwenye picha mwanga wake haupo.

Imepiga mapema. Jicho lake limeona kale kampigo ka TTL (swali la 10) likadhani ndio lenyewe. Weka flashi kuu manyuo, au kama slevu yako ina S1 na S2 kama Godox, weka S2, hiyo inaruka mpigo wa kwanza. Slevu ikipiga yenyewe ukumbini, angalia flashi za wageni.

19. Nataka kuongeza kapasita ya pili ili flashi iwe na nguvu.

Ukiongeza mara mbili unapata stopu moja, basi. Kuchaji kunachukua muda mara mbili, oskileta inachemka, mpigo unarefuka, na taa iliyotengenezwa kwa juli 50 ukiipa 100 kila mara itapasuka. Isitoshe kapasita za kawaida za pawa saplai hazifai, za flashi zimeundwa kumwaga ghafla, za kawaida zinachemka. ISO kutoka 100 kwenda 200 inakupa stopu ile ile bure.

20. Flashi za studio za kuchomeka ukutani zinaendaje na jenereta?

Kwa shida. Nyingi za zamani hazina transfoma ya kupandisha: zinachukua volti 230 za ukutani, ambazo kileleni ni 325, wakati mwingine zinazidishwa mara mbili mpaka kama 650, moja kwa moja kwenye kapasita. Maana yake saketi nzima ya ndani imeungana na umeme wa nyumba, hizi usizifungue kama sio fundi wa kazi hiyo. Zikianza kuchaji zinavuta kwa mshtuko, jenereta ndogo inayumba, volti inashuka halafu inapanda ghafla, na kilichochomekwa pamoja nazo kinaumia. Laptopu ya picha ichomoe, itumie betri yake.

Ukilazimika, washa moja baada ya nyingine, zima taa za modeli (zile zinazowaka muda wote kukuonyesha mwanga utakavyokaa) na upige taratibu. Kama kazi zako nyingi ni bustanini au ufukweni, zile za betri ya lithiamu kama Godox AD200, yenye juli 200, zinakuondolea jenereta na waya zake.